Sahani Sita za Chuma, Kibosho

Dada Tekla, shikamoo kutoka kwenye ukungu wa Moshi.

Mimi na wifi yako Flora tumeanza mchezo wa kulenga shabaha. Sahani sita za chuma zimesimamishwa kwenye machimbo ya zamani huku Kibosho. Filimbi ikilia, unatembea ukizipiga kwa bastola, na muda unapimwa. Kabla hatujaanza Flora akasema, “Nikikushinda, unampelekea kaka yangu isale.” Hapa Uchagani, ukimpelekea mtu jani hilo hawezi kukunyima msamaha. Nawe unajua sijasemezana na shemeji tangu Krismasi, nilipomwita kibaraka wa ubinafsishaji mezani kwake. Nikakubali. Nani angenishinda?

Mwalimu, askari mstaafu, akatuambia kidole kisiguse kifyatulio kabla ya kulenga. Nikamuuliza kwa nini nchi hii kila amri hutoka juu. Nilikuwa bado nafafanua filimbi ilipolia.

“Mzee,” akasema, “hapa hatujadili, tunalenga.”

Niliangusha mbili. Flora aliangusha zote, akanyanyua mikono kama mbunge aliyepita bila kupingwa, kisha akachuma isale kwenye ua wa jirani.

Shemeji alilipokea bila kutabasamu. “Umekuja kwa hiari yako?”

“Kwa mtutu wa bastola ya dada yako.”

Alicheka mpaka akaketi chini, akanisogezea kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Tumebishana tena hadi jioni, safari hii tukiwa tumekaa benchi moja.

Mungu akutunzie magoti yako, dada, na watoto wasikuchoshe.

Mdogo wako mkaidi,
Severini