Kamanche kwenye Misa ya Mama

Fridley, Minnesota
Jumatatu, 12 Mei 2025

Mdogo wangu Walter,

Goti lako linaendeleaje? Na shemeji na watoto, hawajambo? Sisi tu wazima. Theluji imeyeyuka, na Mama sasa anatoka nje bila koti la pili.

Misa yake ya shukrani kwa kutimiza miaka themanini ilikuwa jana, na nusura niisikilize nikiwa nimekunja mikono. Jirani yetu, mzee Bahram, Mwajemi kutoka Irani, hupiga kamanche: chombo chenye tumbo la mviringo lililowambwa ngozi, nyuzi nne na mguu wa chuma, kinachosimamishwa gotini na kupigwa kwa upinde. Siku nilipoisikia mara ya kwanza kupitia ukutani, niliacha katikati makala ya kumchana profesa mmoja, nikaenda kubisha hodi. Ilikuwa sauti ya zeze la Baba, Walter! Huu mwaka wa pili ananifundisha. Hulalamika kwamba napigana na chombo. Anasema upinde ubaki kwenye njia yake, kamanche ndiyo igeuke kuufuata. Mimi na kugeuka, wapi na wapi!

Nikaomba kuipiga kwenye misa. Dada Brigitha, mwenyekiti wa kwaya yetu, hakubishana. Alitoa mkobani kijitabu changu cha mwaka juzi kinachotetea ngoma na kayamba, akawasomea wanakamati wa kwaya pale nilipoandika kuwa aletaye ala ya kigeni kanisani ameuza masikio yake. Akaniuliza yangu nimemuuzia nani. Walicheka hadi chai ikamwagika. Nikawaeleza kwamba hata serikali na bandari ni maneno ya Kiajemi na hakuna anayeyafukuza. Akasema basi nikapige bandarini.

 Nikasimama, nikakiri kwamba nilikosea, kijitabu kizima. Walipiga makofi kama wameshinda kombe, wakanipa dakika tatu.

Jana, Mama alipoisikia kamanche tu, aliinuka. Alitikisa mabega kama msichana, kina mama wakamzunguka kwa vigelegele, na dakika tatu zikawa kumi na tano, maana Brigitha mwenyewe alinikataza kuacha. Baadaye Mama alisema Baba alipiga vizuri zaidi, tena bila kutoa jasho lote lile.

Hapo nikashindwa kuendelea kunyamaza. Nilimwambia yeye, nawe nakwambia: zeze la Baba nililivunja mimi. Baba alikuwa amekwenda mnadani. Nililichukua bila ruhusa, nikakaza uzi hadi mti ukapasuka, nikalirudisha ukutani. Wewe, mtoto wa miaka minane, ukakutwa unalifunga kwa kamba. Ulichapwa, nami nikatazama.

Mama akacheka. Kumbe uliniona! Kumbe ulimwambia jioni ileile, ukamsihi asimfikishie Baba, kwa kuwa wewe ungevumilia viboko ukanyamaza, lakini mimi ningebishana na Baba hadi aniue.

Miaka arobaini nawafokea watu magazetini kuhusu ukweli, na wewe muda wote huo ulikuwa umeushika mdomoni kwa ajili yangu. Nisamehe, Walter. 

Mama anakusalimu sana, na mzee Bahram pia, ambaye sasa anataka kukuona kuliko anavyotaka kuniona mimi. Msalimie shemeji, na watoto wabusu kwa niaba yetu.

Ni mimi kaka yako, niliyenyamazishwa,
Kassian