Waya chini ya zulia

Mwenzangu, leo nina hasira.

Si unaijua kompyuta yangu pale mapokezi, inavyozima kila nikichomeka kitu kipya. Jumatatu skana, leo flashi ya mteja. Ikazima tena.

Bosi akatoka ofisini kwake, akaniambia mbele ya wateja, "Wewe una mkosi na mashine." Mkosi. Mimi. Akataka na barua ya kujieleza kabla ya saa nane.

Fundi akaja, akainama chini ya meza yangu. Nyuma ya kompyuta akakuta waya nisioujua, umechomekwa kwenye tundu la USB. Akaufuata chini ya zulia mpaka ndani kwa bosi. Unajua mwisho wake kulikuwa na nini? Kifeni chake cha mezani. Bosi anasema eti soketi ya ofisini kwake iliungua.

Fundi akasema, "Waya umechubuka, na feni inanyonya umeme. Ukiongeza kitu kingine, mashine inazima."

Bosi hata aibu hana. "Sawa, lakini barua bado naisubiri."

Mkosi, ati.

Nimempelekea. Mstari mmoja tu: "Nimechomoa feni yako."

Feni niliichukua mezani kwake alipotoka kidogo; iko kwenye mkoba wangu. Sasa hivi namwona kupitia kioo cha mlango, jasho linamtiririka, anajipepea na barua yangu.