Besi Isiyo na Vyuma

Kashojwa, 12 Februari 2009

Mjomba Sebagabo,

Pokea salamu za nyumba nzima. Huku kambini tunapumua, ila mvua imekawia na maharagwe yanatuangalia tu. Mama anauliza mguu wa mke wako Apolline: ule uvimbe umeshuka ao bado?

Nakuandikia maana simu inakata kila ninapofika kwenye jambo lenyewe. Kamba nene ya gitaa la besi la korali imekatika, ile inayobeba wimbo mgongoni. Tangu Gradi aliyekuwa akipiga aende Amerika na kuniachia gitaa hili, mimi ndiye mpigaji, na unajua ni watu wangapi walisema mtoto mwanamke hawezi. Sasa wananiangalia kama niliikata kwa meno. Modeste, kiongozi wetu, anauliza kila Jumapili, "Ikirezi, kamba iko wapi?" Niko na kiwanda cha kamba mimi?

Nimefika mpaka Kaberebere. Muuza redio akanionyesha waya wa antena. Nikamwambia nataka kamba ya besi. Akasema, "Na hii pia ni kamba."

Wewe uko mjini, tena ulipiga besi Uvira mbele mimi sijazaliwa. Nitafutie. Anayeleta barua hii ni Constance, anauza maharagwe huko Mbarara na anarudi huku kila wiki.

Mtoto wa dada yako,
Ikirezi

Mbarara, 3 Machi 2009

Mpwa wangu Ikirezi,

Mungu asifiwe kwa kuwa mnapumua. Mguu wa Apolline umeshuka. Kilichobaki kuvimba ni mdomo wake, anasema nimeacha meza za watu bila miguu ili nitafute kamba.

Nimezunguka maduka yote. Kijana mmoja aliapa kwa jina la mama yake kwamba pakiti ile ni ya besi. Nilipoifungua huku kwenye karakana yangu ya useremala nikakuta kamba za gitaa la solo, nyembamba sawa nywele. Nikamrudia. Akaniambia, "Mzee, si unasokota mbili mbili?" Nikatoka mbele sijatenda dhambi.

Nakutumia kamba moja iliyokwisha kutumika, nimeiomba kwa mpigaji wa hoteli moja huku Kamukuzi. Ichemshe kwanza kwenye maji yenye sabuni kidogo. Jasho la mikono ya watu litatoka na sauti itafunguka.

Msalimie dada yangu. Mwambie nakuja, ila asiniulize lini.

Mjomba wako,
Sebagabo

Kashojwa, 21 Aprili 2009

Mjomba,

Habari za karakana, na Apolline je? Mama amelala na malaria juma lote, sasa anakula uji na kugombana na kuku, kwa hiyo amepona.

Kamba niliichemsha kama ulivyosema. Nilipoifunga ikaishia vidole viwili mbele ya kufikia ufunguo wa kuikazia. Ni ya gitaa fupi, Mjomba! Niliivuta mpaka nikalia. Siku ya Pasaka nikafunga waya wa breki ya baiskeli. Usicheke. Ulilia kama ng'ombe mwenye mafua, lakini korali iliimba.

Shida ni kwamba ule waya umekula vile vyuma vidogo vilivyolala shingoni mwa gitaa. Umevichimba mashimo. Kila sauti sasa inakuja na mlio wa nzi ndani ya kopo. Modeste anasema tunamwimbia Mungu na nzi.

Nimelifunga gitaa katika kitenge, Constance atakufikishia. Uko na tupa nzuri wewe. Visawazishe vile vyuma kidogo, usiguse kitu kingine. Mwezi wa sita tuna ugeni wa makanisa na nimeahidi mbele ya watu kwamba nitapiga.

Mwanao,
Ikirezi

Mbarara, 30 Mei 2009

Mpwa wangu,

Natumaini mama yako amewaacha kuku wapumue. Sisi tuko vizuri.

Gitaa lako hilo linarudi. Nisikilize mbele hujalifungua.

Vile vyuma vilikwisha. Kama ningepiga tupa mpaka mashimo yaishe, kisingebaki chuma cha kushikwa na tupa. Vipya haviko Mbarara. Kwa hiyo nilivipasha moto kwa chuma cha moto cha kulehemia redio, nikaving'oa kimoja kimoja kwa koleo, polepole, mbao isipasuke. Kila ufa uliobaki nikauziba kwa kijiti cha mti mweupe na gundi, nikapiga msasa, nikapaka vanishi ngumu. Ile mistari myeupe ndiyo itakuonyesha njia. Na nimeweka kamba nne za yule mpigaji wa hoteli, ndefu safari hii. Ni kuukuu, lakini kwa shingo ya mbao tupu kamba kuukuu ni rafiki. Waya wa breki usiurudishe kabisa, utaikata mbao kama msumeno.

Besi isiyo na vyuma inaimba sawa mtu. Nilikuwa na moja Uvira. Utanishukuru.

Mjomba wako,
Sebagabo

Kashojwa, 16 Juni 2009

Mjomba,

Mama anakusalimia.

Nilisema usiguse kitu kingine.

Ugeni ulikuja. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Wimbo wa kwanza, vidole vyangu vilitafuta vyuma kama kipofu aliyeibiwa fimbo. Kila fasi niliyobonyeza ilikuwa pembeni ya sauti. Waimbaji waligeuka kunitazama, mmoja mmoja. Modeste alinyanyua mkono, akasimamisha wimbo katikati, mbele ya wachungaji wote, akasema, "Ikirezi, weka chini. Hii besi inalia sawa mulevi." Watu walicheka, Mjomba. Wageni walicheka.

Gitaa halikuwa lako. Halikuwa langu hata. Ungetuma neno moja tu na Constance.

Ikirezi

Mbarara, 4 Agosti 2009

Mpwa wangu Ikirezi,

Mko salama? Constance anakuja na maharagwe, barua yako hana, na nikimuuliza anaangalia kando. Apolline amekutumia sabuni na chumvi.

Nilitengeneza kitu kizuri. Hilo sitalikana. Niandikie.

Mjomba wako,
Sebagabo

Kashojwa, 15 Novemba 2009

Mjomba,

Salamu. Mvua imekuja yote kwa mara moja, mihogo imeoza chini. Mama mzima. Sabuni ilifika zamani, mshukuru Apolline.

Nilikuwa sitaki kuandika. Naandika kwa sababu nina swali, na hakuna mwingine wa kuulizwa.

Mbele ya swali, ujue mambo yalivyo. Gradi na Wakristo wenzake wametuma kinanda kutoka Amerika. Mkono wa kushoto wa kinanda kile unapiga besi peke yake. Modeste amefurahi kama aliyeoa mara ya pili. Besi ilining'inia ukutani kanisani miezi mitatu, kisha akaniletea nyumbani. "Ichukue," akasema, "inajaza fasi." Nilitaka kuifanya kuni.

Lakini jioni moja nilikaa nayo. Haina bafle ya kukuza sauti, haina umeme, nikaweka sikio juu ya mbao. Nikateremsha kidole kutoka mstari mmoja mpaka mwingine na sauti ikateremka nacho, bila kukatika. Mjomba, nilinyanyuka nikaangalia kama kuna mtu mlangoni.

Sasa swali. Kwa nini kila sauti yangu iko chini kidogo? Kamba nimezilinganisha vizuri. Nabonyeza pale pale nilipobonyeza miaka yote. Inanichosha mpaka natamani kuitupa ziwani. Nijibu hilo tu.

Ikirezi

Mbarara, 22 Novemba 2009

Mpwa wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, na Apolline aliisoma baada yangu akanipiga na kitambaa cha meza. Tuko wazima.

Jibu ndilo hili. Zamani ulibonyeza nyuma ya chuma, na chuma ndicho kilichokata sauti. Sasa chuma hakipo, kidole chako ndicho chuma. Usibonyeze nyuma ya mstari. Bonyeza juu ya mstari wenyewe, katikati ya nyama ya kidole. Kisha acha kuangalia. Imba sauti kwanza kinywani, halafu ipeleke mkono. Ukikosea, telezesha kidogo, mtu atadhani ulikusudia.

Usitupe ziwani. Viboko hawajui kupiga.

Mjomba wako,
Sebagabo

Kashojwa, 14 Machi 2010

Mjomba wangu mpendwa,

Natumaini hamjambo, na kwamba Apolline hajakupiga tena. Mama anamshukuru kwa chakula alichotuletea studio siku ile tulipokuja Mbarara kurekodi CD ya korali. Korali nzima bado inazungumza juu ya ule wali.

Ulikuwepo, kwa hiyo sina la kukusimulia. Ulimwona Mama Nyirabahire, yule mzee wetu wa sauti ya chini, alivyopiga fimbo sakafuni na kumwambia Modeste, "Kama huyu mutoto hapigi, mimi siimbi." Ulimwona Modeste alivyomeza mate. Ulinisikia. Wimbo mmoja tu nilipewa, na wewe ulifumba macho, na mimi nilijua kwamba nimepata.

CD imefika jana. Tulikusanyika kwa mchungaji, kuna redio yake ya betri. Wimbo wangu ukaanza. Nikangoja kuingia. Besi ikaingia, Mjomba, lakini si mimi. Ni mashine. Tum, tum, tum, kama mtu anayepigilia misumari. Nimeondolewa mzima, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Watu wananipongeza! "Ikirezi, umejua sasa, haulewi tena." Nilisema si mimi. Wakadhani ninajinyenyekeza.

Mama Nyirabahire peke yake aliniangalia. Ana kikohozi sasa, hawezi kusema sana.

Nimechoka. Kweli nimechoka.

Mwanao,
Ikirezi

Mbarara, 11 Aprili 2010

Mpwa wangu Ikirezi,

Mungu akutie nguvu, na Mama Nyirabahire apate nafuu. Apolline anakuombea, na anapoomba anamtaja yule kijana wa studio aliyewarekodi kwa maneno ambayo siyaandiki.

Nilikwenda kwake. Alikuwa amekaa na vile vitu vyake masikioni. Nikauliza besi ya binti iko wapi.

"Mzee, ile gitaa ilikuwa nateleza sana. Mimi nikaweka ya kompyuta. Iko sawasawa."

"Nani alikuambia uiondoe?"

"Hakuna mtu. Mimi nilisaidia tu, ssebo."

"Basi nipe ile yake."

"Nilifuta. Kompyuta ilijaa."

Alisema hivyo bila uovu wowote, Ikirezi, kama mtu aliyefagia ua. Hata maji ya kunywa alinipa. Nilikaa kwenye ngazi zake kama mfiwa, sikujua hasira niiweke wapi. Ile sauti niliisikia mara moja katika maisha yangu na haiko tena fasi yoyote.

Na pale kwenye ngazi nikaikumbuka barua yako ya mwezi wa sita. Yeye pia alisaidia tu. Sitasema zaidi, mimi ni mjomba wako, lakini ujue nimeielewa.

Endelea kupiga.

Sebagabo

Kashojwa, 29 Agosti 2010

Mjomba,

Tuko salama, mama pia, asante kwa dawa uliyomtumia. Nyinyi je? Mguu wa Apolline haujarudi na vituko vyake?

Mama Nyirabahire amefariki. Kikohozi kilikataa kumwacha. Ilikuwa Alhamisi, na mchana wa Ijumaa, wakati wa kumtoa, mvua ikafunga njia. Tukabanana wote ndani ya nyumba yake, mwili katikati. Jenereta ya kanisa ilikuwa imekufa, kwa hiyo kinanda kilikaa kwenye mfuko wake kama mgonjwa mwingine. Modeste akaanzisha wimbo, akaushika juu mno. Wamama wakajaribu kumfuata, sauti zikakatika. Akaanza upya, zikakatika tena. Ikabaki mvua na kilio.

Ndipo binti yake akaniambia, "Leta ile yako. Mama alikuwa anaitaja."

Nikasema, "Bila umeme ni mbu tu."

"Leta mbu."

Nikakimbia, nikaileta imefungwa kwa nailoni. Nikajaribu, kweli hakuna aliyesikia. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, hakukuwa na fasi nyingine. Nikaliegemeza tumbo la gitaa kwenye ubao wa mlango nikapiga tena. Mjomba, mlango uliitika! Mbao yote ile ikaanza kunguruma, watu waliokuwa wameuegemea wakaruka.

Nikaushusha wimbo pale ambapo wamama wanaweza. Wakaingia. Unajua wazee wetu wanavyolia, sauti inapanda haina ngazi, inashuka haina ngazi. Walipoteremka niliteremka nao. Shingoni hakuna kilichonizuia. Binti wa marehemu aliweka kiganja kwenye mlango akakiacha hapo mpaka mwisho. Tuliimba mpaka mvua ilipokoma, na hata ilipokoma hakuna aliyetaka kutoka kwanza.

Sikulewa siku ile. Hata Modeste hakusema nililewa.

Jumapili iliyofuata akaja nyumbani, akakaa, akanywa chai ya mama, akazungumza juu ya mihogo. Kisha akasema nirudi korali. Nikamuuliza, "Na mkono wa kushoto wa kinanda?" Akasema vitapiga vyote viwili, besi na kinanda, pamoja. Nikamwambia hapana, apige mmoja, mimi ao mkono ule. Akasema nina kiburi. Mama akamwongezea chai. Akaenda zake kwa hasira, na Jumapili mbili nimekaa nyumbani nikisikia ile mashine kutoka mbali, tum, tum, tum.

Jana Modeste ametuma neno na Constance. Mkono wa kushoto utanyamaza.

Constance alisimama mlangoni anangoja jibu ampelekee Modeste. Nilimpa kiti, nikampa maji, nikamuuliza habari za bei ya maharagwe. Sikujibu. Nitajibu, Mjomba, unanijua. Lakini wacha naye asubiri Jumapili moja.

Mtoto wa dada yako,
Ikirezi