Kisima Kikubwa Kuliko Mlima

Dada mpendwa,

Kabla sijakujulia hali, nitue mzigo ambao sijamwonyesha mtu: ramani iliyo mwanzoni mwa kile kitabu cha watoto si ya Baba Mdogo. Ni yangu, na niliifikisha kwa mchapishaji kwa hila.

Natumaini u mzima na mtoto ameacha kukohoa. Mimi mwili hauna neno. Tangu nimalize shule nashinda katika chumba cha kazi cha Baba Mdogo, nachonga penseli na kujifunza kuchora ramani.

Kitabu kinamhusu msichana anayetafuta njia ya kisimani katika nchi isiyokuwapo duniani. Baba Mdogo, mpima ardhi wa zamani, aliichora nchi hiyo kwa vipimo sahihi, mito kumi na mmoja. Nyumba ya msichana na kisima vikawa nukta mbili zilizogusana. Nilimpa binti wa jirani ramani hiyo aifuate hadithi kwa kidole. Alitafuta kisima hadi akalia.

Nikachora yangu, kisima kikubwa kuliko mlima. Baba Mdogo aliwaita wateja waje kuitazama. Alisema kisima hicho kingezamisha wilaya nzima, na mto wangu uliogawanyika kwenda bahari mbili ulichorwa na mtu asiyewahi kumwaga maji. Kuhusu mto alisema kweli, nikaurekebisha. Kuhusu kisima nilimjibu kwa sauti ndogo kwamba msichana haendi mlimani. Akauliza tangu lini kifaranga akamfundisha kuku kuchakura. Walicheka.

Siku ya kupeleka kazi nilibadilisha karatasi ndani ya bahasha.

Kitabu kilipotoka aliitazama ramani, kisha akanitazama mimi. Nilingoja kufukuzwa. Mchapishaji akapiga simu kusema walimu wameisifu, naye Baba Mdogo akajibu kuwa hayo ni matunda ya uzoefu. Tangu hapo haitikii shikamoo yangu, nami nimeacha kuitoa.

Juzi, kwa ajili ya kitabu cha pili, ameniagiza ramani nichore mimi, yeye atie sahihi. Nimechora kama alivyonifundisha: milima ina vivuli, mito inafuata mkondo, na nyumba ya msichana ni nukta. Nilidhamiria aaibike watoto wakishindwa kuisoma. Aliishika kwenye mwanga wa dirisha, uso ukamlainika, akasema sasa nimeiva. Hakuwa amewahi kunisifu. Akatia sahihi.

Najua kuna mtoto atakayeitafuta nyumba ile asiione. Hata hivyo kesho naibeba bahasha, na ndani sibadilishi kitu.

Msalimie shemeji, umbusu mtoto. Haya yaishie kwako, Dada. Mama hasa asiyasikie.

Mdogo wako