Jeraha Dogo, Vipago Vinne

Jumanne, 4 Machi

Nimeanguka! Mimi, fundi umeme, miaka kumi na minane kazini — nimeanguka kutoka ngazi ya vipago vinne nikifunga taa kwenye ukumbi wa shule. Koleo, mwenzangu wa kazi, anasema nilizimia kama dakika moja. Sikumbuki. Zahanati wameandika: mtikisiko wa ubongo. Mume wangu kaacha unga kwenye beseni, kaja mbio na aproni yake ya kuokea mikate. Kichwa kinagonga. Basi.

Alhamisi, 6 Machi

Hospitali kubwa. Wamenipiga picha ya kichwa — hakuna damu, hakuna ufa. Cheti kipya: jeraha dogo la ubongo. Dogo! Juzi mtikisiko, leo kitu kidogo tu, kumbe napona. Jumatatu napanda. Mama mkwe kasoma vyeti vyote viwili, akashika kiuno: ulitikisika, sasa umejeruhika, unaelekea wapi mwanangu? Mume wangu kachukua ngazi yangu, kaifungia stoo, ufunguo mfukoni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwuliza muuguzi wa pale hospitali, maana nyumba ilishagawanyika. Akacheka. Si magonjwa mawili, na wala hali haijabadilika. Mtikisiko unahesabiwa humohumo kwenye jeraha dogo. Zahanati wameita hivi, hospitali vile. Na hilo "dogo" ni la siku ile: nilizimia muda mfupi, nikaamka nikijua jina langu. Halisemi nitaumwa siku ngapi. Picha safi nayo haioni kila kitu. Nikijigonga tena kabla sijapona, hapo ndipo balaa. Nimenywea. Kuandika ameruhusu, ila kichwa kikianza kuuma, kalamu chini. Kimeanza.

Jumapili, 9 Machi

Raha! Sikujua sebule yetu inapata jua saa nne asubuhi. Mama mkwe ananimenyea machungwa huku akinisema. Mume wangu ananinyima simu, ananipa mkate wa kwanza kutoka kwenye oveni. Napenda kudekezwa, nakiri. Nimeinama kufunga kamba za viatu — chumba kikazunguka. Nimewaambia. Alhamisi ningeficha.

Jumatano, 12 Machi

Nimerudi kazini — chini! Ndivyo tulivyokubaliana na muuguzi: wiki hii nasimamia tu, Koleo anapanda. Na ninafurahia, jamani. Kumwelekeza mtu ukiwa chini nako ni ufundi. Kichwa hakijauma tangu jana. Taa kumi na moja zinawaka, imebaki moja, ileile iliyoniangusha. Mwalimu mkuu kapita mara mbili. Kesho wazazi wanajaa humu ukumbini. Ngazi ni ya shule, yangu bado iko stoo. Koleo kaita kutoka juu: nyaya hazieleweki, nilizifunga mwenyewe, nipande nione. "Dada, vipago vinne tu!"

Tu. Nimekaa juu ya sanduku la vifaa, naandika ili nisimjibu haraka. Ameshashuka. Ananishikia ngazi.