Wasomaji wa Blogu Yangu

Mume wangu kipenzi,

Naam, ile blogu bado naiandika, ingawa nikitoka shule nimechoka hata vidole havitaki kugusa simu. Kilichonipa moyo ni maswali ya wanafunzi, kila moja kwa jina lake la utani, chini ya kila somo la hesabu. Jana nikauliza darasani nani aliyekwama kwenye kujumlisha sehemu. Wakaangua kicheko.

"Mwalimu, sisi simu tuzitoe wapi?"

Anwani niliwapa wao na wewe tu. Kumbe majina yote yale ni wewe, mpenzi! Nililia kwa uchovu, kisha nikakupenda upya. Masomo nayarudisha ubaoni. Nawe nitakuja kukufundisha sehemu kabla mwezi haujaisha, maana kweli huzijui.

Mkeo akupendaye mno