Mafuta ya Kukamulia kwa Miguu ya Stendi

Jumatatu, 5 Mei
Kitale. Mimi nimezaliwa na bahati, hiyo siwezi kuficha. Nimepiga video ya wageni kule mapango ya chumvi, Elgon, mahali ndovu hulamba ukuta. Stendi ya kamera imesimama kwa tope la chumvi siku nzima. Hata mkwaruzo hakuna. Wapigapicha wengine hupangusa vyombo kama mtoto mchanga. Mimi nimeikunja hivyo hivyo, nikalala.

Jumatano, 7 Mei
Mguu mmoja wa stendi umekwama. Unga mweupe kwa viungo. Chumvi. Nimechukua mafuta ya kukamulia, yale ya chuchu za ng'ombe, nikapaka mpaka ndani. Laini! Ng'ombe wangu hajawahi kulalamika. Stendi ni nani?

Alhamisi, 8 Mei
Ni laini sana. Nimekaza skrubu ya mguu mpaka kidole kikauma. Nikaweka kamera juu, mguu ukashuka polepole, peke yake. Mafuta yameshika mchanga wa pangoni. Kamera ni ya Wafula, mshirika wangu wa Bungoma. Inalisha nyumba yake na yangu. Sijamwambia.

Mke wangu Nekesa ameona. "Baba Junior, hiyo kitu inazama."

Nimemwambia inapiga magoti, imeokoka. Amecheka.

Jumamosi, 10 Mei
Harusi, Bungoma. Mvua tangu asubuhi. Nimefunga ule mguu na mpira wa tyubu, nikaomba Mungu. Nikasimamisha kamera jukwaani. Nyanyake bibi harusi akavuta kiti mpaka chini yangu.

"Kukhu, nyanya yetu, rudi nyuma kidogo," nikamwambia.

"Nirudi wapi? Si ni mimi nimemlea huyu?"

Ningemwambia ukweli. Niliona haya.

Wakati wa keki mpira uliteleza. Mguu ukashuka wote mara moja, kamera ikaenda kwa kichwa cha mama mzee. Nimeidaka kwa mkanda. Imegusa kitambaa chake. Watu vigelegele tu, hakuna aliyeona. Yeye ameinua macho.

"We kijana, ati unaniua kabla sijaonja keki?"

Nikacheka na yeye. Halafu nyuma ya hema nikatapika.

Jioni nimeenda kwa Wafula, nikamwambia yote. Amenusa mguu wa stendi. "Bana, haya si ya ng'ombe?" Akaanza kupangusa kamera yake. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 11 Mei
Kwa Wafula. Kanisa hatujaenda. Tumefungua miguu yote, kipande kwa kipande. Sabuni, maji ya uvuguvugu, mswaki mzee. Beseni limejaa mchanga wa kijivu. Tumesuuza na maji safi, tukarudia, mpaka nimelamba chuma na hakuna chumvi. Vipande viko kivulini, vinakauka. Hakuna kupaka kitu.

Wafula ameniletea chai.

Bahati sina. Jumatatu niliandika uongo. Nilikuwa mvivu, na nusura niue nyanya ya watu.